Huduma ya Kuagana

Waziri alisema hakuna mtu aliyekufa angani, na wabunge wakapiga meza.

Alilisema hilo mkono mmoja ukiwa mfukoni, kama mtu anayetoa habari za mavuno mazuri. Theonas Kamuhanda alikuwa na sauti nzito ya kupendeza, sauti iliyompatia kura nyingi kuliko sera zake. "Miaka sita, Mheshimiwa Mwenyekiti. Miaka sita tangu Bunge hili tukufu lipitishe Sheria ya Usalama wa Abiria, na katika anga yote ya Jamhuri ya Maziwa hajafa abiria hata mmoja. Nitajieni nchi nyingine duniani yenye sifa hiyo."

Meza zikapigwa tena. Idrisa Kagoma, mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya Wasafiri, hakupiga, kwa kuwa mwenyekiti hapigi meza. Lakini siku sheria ile ilipopita alikuwa mbunge wa kawaida wa Kasange, na siku hiyo alipiga mpaka viganja vikawaka moto. Sheria yenyewe ilikuwa fupi na ilisikika vizuri masikioni: ndege ambayo abiria atafia ndani yake haitaruka tena mpaka uchunguzi umalizike. Nani angeipinga? Uchunguzi wa serikali ulichukua mwaka, wakati mwingine miwili. Kampuni za ndege zililia na kuomboleza, kisha zikanyamaza ghafla, na hakuna mbunge aliyejiuliza kilichozinyamazisha.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, swali la nyongeza."

Aliyesimama alikuwa Salome Nyakeke, mwanamke mfupi wa upinzani ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa sababu mtu hujua amemchoma baada ya yeye kuketi.

"Namshukuru Waziri kwa majibu yake matamu. Sasa anisaidie mimi mwenye kichwa kigumu. Angani hafi mtu. Lakini kwenye ukumbi wa kupokelea wageni, pale pale uwanjani, watu wanakufa kila wiki. Wanashuka, wanakumbatiwa, wanakufa. Huko juu ni peponi, Mheshimiwa Waziri? Watu wanakuja kufia duniani kwa nini?"

Ukumbi ulicheka. Hata katibu wa kamati alijificha nyuma ya kikombe chake.

"Wagonjwa wetu wanajikaza," Waziri alijibu bila kutikisika. "Wanajikaza mpaka wawaone wapendwa wao. Huo ndio upendo, Mheshimiwa Sindano. Samahani, Mheshimiwa Nyakeke."

"Upendo unaofuata ratiba ya ndege sijapata kuuona. Tumemwita mtu wa viti, Mwenyekiti. Naomba aapishwe."

Idrisa aliruhusu kwa kichwa. Moyoni alikuwa upande wa Waziri. Upendo wa namna hiyo yeye alikuwa ameuona kwa macho yake.

Miaka mitatu nyuma mkewe Asumini alirudishwa kutoka hospitali ya ng'ambo, figo zote mbili zikiwa zimekataa kazi. Alisafiri bila muuguzi. Siku hizo wauguzi wa ndegeni walikuwa wameshaondolewa, kwa kuwa kila abiria alikalia kiti-mlezi: kiti kinachopima mapigo, kinachotia dawa kwenye mshipa, kinachomgeuza mgonjwa asipate vidonda, na ndege ikitua kinajiendesha chenyewe mpaka mlangoni kwa wenyeji. Kiti kilitoka na Asumini akiwa na joto mwilini na macho nusu wazi. Idrisa alimshika mkono, naye akamminya vidole, mara mbili. Mama yake Asumini, Bi Mwamvua, akainama sikioni na kumtamkisha shahada, na midomo ya Asumini ikaifuata, neno kwa neno. Kisha akashusha pumzi ndefu, akatulia. Tangu siku hiyo Idrisa aliishi kwa kumbukumbu ile kama mzee anavyoishi kwa fimbo. Alipokosa usingizi aliishika.

Shahidi alikuwa mhandisi wa kiwanda kilichotengeneza viti, Perpetua Rwegoshora, mwanamke wa makamo aliyevaa suti iliyombana mabegani. Aliapa kwa sauti ya kawaida, akaketi.

"Moyo wa abiria ukisimama," Nyakeke aliuliza, "kiti kinafanya nini?"

"Kinashika."

"Kinashika nini?"

"Kazi yote. Mirija ya mgongoni inasukuma damu, kifuko cha chini kinajaza mapafu, blanketi linatunza joto. Tulikibuni ili mtu aliyezimika afikishwe hospitali. Ndege ilikuwa ikitua haraka uwanja wowote wa karibu, na katika kila watu kumi wawili walirudi wazima. Wengine bado wananipigia simu sikukuu."

"Na sasa ndege inatua haraka?"

"Haitui. Kutua kwa dharura ni lazima kutolewe taarifa, taarifa inaleta uchunguzi, na uchunguzi unafunga ndege mwaka mzima. Ndiyo sheria yenu. Kwa hiyo inaendelea na safari."

"Mtu amekufa, na safari inaendelea?"

"Kanuni za Wizara zinasema kifo ni mpaka daktari aliye ardhini akitamke. Kabla ya hapo anaitwa abiria aliyetulia."

Kicheko cha mwanzo kilikuwa kimekauka. Mbunge mmoja aliyekuwa akila karanga alizirudisha mezani polepole.

"Lakini wale watu wa ukumbini," Nyakeke alisema, sasa bila mzaha. "Mimi nimewaona wakishika mikono ya ndugu zao."

"Hiyo ni sehemu ya mwisho. Wizara imeipa jina la Huduma ya Kuagana." Mhandisi alikunywa maji. "Mwanzoni kiti kilizima tu kikifika mlangoni. Familia zikalalamika kwamba wamekabidhiwa maiti. Wakaanza kuuliza, amekufa saa ngapi, nani alikuwa naye. Maswali hayo hayakutakiwa. Basi tukaambiwa tuongeze mkono. Ni umeme kidogo tu, vidole vinabana mara mbili. Malalamiko yakapungua sana. Halafu wakaja watu wa dini."

"Wakasema nini?" Idrisa alishangaa kusikia kwamba sauti iliyouliza ni yake.

"Kwamba mgonjwa hatamki kitu. Ndiyo maana kwenye tiketi tunauliza dini."

"Mimi nilijua ni kwa ajili ya chakula," mtu alinong'ona.

"Kila mtu anadhani hivyo. Kiti kinasikiliza, Waheshimiwa. Akitamkishwa shahada, midomo inafuata. Akisomewa Baba Yetu, inafuata mpaka amina. Sauti ilitushinda, kwa hiyo ni midomo peke yake. Baada ya hapo kiti kinashusha pumzi moja ndefu, kinazima."

Idrisa alifunga faili lake. Akagonga meza kwa kinyundo chake, akasema kikao kimeahirishwa mpaka mchana, na hakukumbuka kusimama.

*

Katika chumba cha kulia cha Waheshimiwa, Kamuhanda alikuwa na sato mzima mbele yake na alikuwa amefika kichwani. Hakutumia uma. Alikishika kichwa kwa vidole, akafyonza jicho la kwanza, akamwashiria Idrisa kiti.

"Kaa, Mwenyekiti. Samaki wa leo wamekaangwa na mtu anayejua dini."

"Sina njaa."

"Basi kaa tu uniangalie." Waziri alifyonza jicho la pili. "Tuzungumze kama watu wazima. Mchana ukifungua kikao, sema neno moja: faragha. Asubuhi tulikuwa kamati peke yetu; waandishi na wananchi wakibaki nje na mchana pia, tutayamaliza wenyewe. Tutaunda kamati ndogo, watakwenda kutembelea kiwanda, watapewa chakula kizuri, watarudi na mapendekezo."

"Ulijua?"

"Nilisaini."

"Na mkono? Na midomo?"

"Idrisa, usinitazame kana kwamba nimekula mwanao. Niambie aliyeumia ni nani. Maiti? Hajui. Waliobaki? Wamepata walichokuwa wanakitaka, tena bure. Unajua watu wangapi wananisimamisha makanisani kunishukuru kwamba ndege zetu ziliwawahisha? Zamani mtu alifia huko juu peke yake kama kuku kwenye tenga, jamaa zake wakapewa sanduku. Sisi tumewapa kuagana."

"Mmewapa mchezo wa maigizo."

"Msiba wote ni maigizo, ndugu yangu. Tunavaa, tunalia kwa zamu, tunasema marehemu alikuwa mtu mwema." Waziri akacheka, na mafuta yakamng'aa mdomoni. Midomo ile ilivyofunguka na kufumba, Idrisa aliona midomo mingine, akageuza uso.

Kamuhanda alifuta vidole kimoja kimoja, na sauti yake ikashuka, ikawa ya upole, na upole ule ulikuwa mchafu kuliko mafuta.

"Nilikuwepo kwenye khitma ya mzee Sudi, jirani yenu. Nilimsikia mama mkwe wako, Bi Mwamvua. Alisimulia jinsi binti yake alivyokwenda na shahada mdomoni. Wanawake walilia, lakini walilia kwa raha. Yule bibi ana nini kingine duniani zaidi ya hilo? Ukiacha mlango wazi mchana huu, atavuliwa hilo na redio kabla hujafika nyumbani. Mimi nimekula samaki wangu. Chaguo ni lako."

Idrisa alitoka bila kuaga. Kilichomtia kinyaa zaidi hakikuwa Waziri. Ni kwamba alipokuwa akitembea kuelekea chooni alikuwa ameshaanza kulijaribu neno lile ulimini, faragha, na aliona linatamkika kwa urahisi.

Chooni alifungulia maji. Alisukutua, akanawa uso, akatoka. Mhandisi Rwegoshora alikuwa kwenye benchi la ushoroba, mkoba mapajani, hali wala hanywi, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Viti vina kumbukumbu?" Idrisa aliuliza akiwa amesimama.

"Vyote."

"Asumini binti Kaponta. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa mwisho wa masika. Ndege ya kutoka ng'ambo iliyotua saa nane mchana."

Mwanamke alimtazama, akaelewa, akafumba macho kidogo. "Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, salamu isiyo na mahali pake, kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba bila kujua. "Naweza kuona. Lakini ukishajua huwezi kurudisha. Unataka?"

"Wewe ungetaka?"

"Mimi sipandi ndege."

Alitoa kibao chake, akagusa, akasubiri. Idrisa alitamani kibao kikatae.

"Saa tatu asubuhi," alisema. "Walikuwa hawajamaliza saa moja angani."

"Aliumia?"

"Alibonyeza kengele mara mbili. Mhudumu alipofika kiti kilikuwa kimeshashika, taa ni ya kijani. Kwake yeye ilikuwa abiria amelala."

"Halafu?"

"Mheshimiwa, inatosha."

"Halafu?"

"Halafu kiti kikawa kinamgeuza shingo mara kwa mara, ili jirani asishtuke. Jirani alimwomba wabadilishane, akae dirishani. Hakujibiwa. Akamwambia mhudumu kwamba dada huyu ana maringo." Akazima kibao. "Kiti kinasikiliza njia nzima. Sisi tulitaka kisikilize ukumbini tu, lakini ilikuwa rahisi kukiacha."

*

Kwa watu wa Kasange, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hakai chumba kimoja naye, hampi mkono, hali mbele yake. Wakitaka kusemezana huwa kuna ukuta au pazia, na heshima hukaa katikati yao kama mtu wa tatu. Idrisa alimjengea Bi Mwamvua nyumba ndogo nyuma ya yake mjini Kwera, na miaka yote hiyo alimjua kwa sauti, kwa kikohozi na kwa harufu ya udi. Mara moja tu waliwahi kusimama bega kwa bega: siku ile ukumbini, kila mmoja upande wake wa kiti.

Sasa aliketi kwenye kigoda, barazani pa nyumba hiyo. Ndani, nyuma ya pazia, ungo ulikuwa ukipepeta mchele.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona mapema? Mmevunja Bunge?"

"Tumeahirisha."

"Haya. Afadhali mngelivunja, tungepumzika na kelele." Ungo uliendelea. Kisha ukapunguza mwendo. "Sauti yako ina msiba. Nani?"

"Asumini."

Ungo ukasimama. "Asumini alishakufa, baba."

"Ndiyo, Mama. Lakini hakufia pale."

Akamweleza. Hakuremba, kwa sababu hakujua pa kuanzia kuremba. Alieleza mirija, kifuko, mkono, tiketi na midomo.

"Aliniitikia," Bi Mwamvua alisema mwishowe. "Nilikuwa karibu naye kama kope na jicho. Aliniitikia mara tatu."

"Ni kiti, Mama. Kilikuwa kinakusikiliza."

Alimsikia akitema mate. Tfuu! Si mate ya laana, ni ya mtu aliyegundua amekula kitu kibovu.

"Kwa hiyo maneno ya Mungu niliyatia kwenye sikio la fenicha."

"Mama..."

"Alikuwa peke yake?"

"Alikuwa peke yake."

"Nani alimtamkisha?"

"Hakuna. Lakini Mungu anajua, Mama, anajua kilichokuwa moyoni mwake."

"Mungu anajua, hilo usinifundishe, nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa. Mimi nauliza habari za watu." Sauti ilivunjika, ikajiunga yenyewe. "Unajua nimewaambia wanawake wangapi? Mwanaiba wa nyumba ya pili alikuwa ameshafunga mzigo amfuate mumewe kule kule hospitali akamuuguze. Nikamwambia, usihangaike, mwanangu, mpandishe ndege, utamwahi, mimi nilimuwahi wangu. Akafungua mzigo. Akakaa hapa anapika, anamngoja. Na mumewe alimminya mkono vile vile. Ningekuwa nimekaa kimya, Idrisa! Ningekuwa na ulimi mfupi!"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake.

"Naweza kufunga kikao," Idrisa alisema haraka. "Nikisema faragha, hakuna redio. Kwako itabaki kama ilivyokuwa. Na kwa Mwanaiba. Hakuna atakayejua ila sisi wachache."

Pazia lilifunguliwa. Bi Mwamvua alisimama mlangoni, mdogo kuliko sauti yake, punje za mchele zimemng'ang'ania mikononi, na akamtazama mkwewe machoni. Idrisa aliinamisha uso kwa mazoea.

"Inua kichwa. Heshima hiyo tutairudia siku nyingine. Leo kuna mama mahali anamwambia mwanawe, wewe panda tu, tutaonana uwanjani. Yupo au hayupo?"

"Yupo."

"Na wewe umetoka Bungeni ukaja kuniuliza mimi kama umfungie mlango?"

"Sikutaka uumie."

"Nimeshaumia. Ondoka, rudi kazini kwako. Na ukisema, usiseme 'mama mmoja'. Nitaje jina langu, wanaonijua wajue ni mimi."

*

Alipofungua kikao cha mchana, Kamuhanda alikuwa ameegemea, meno yakichokonolewa, akisubiri neno lake.

"Kikao kitaendelea kwa uwazi," Idrisa alisema. "Shahidi arudi mezani."

Kijiti cha meno kilitoka mdomoni. "Mwongozo, Mheshimiwa Mwenyekiti! Kwa uchungu mkubwa nalazimika kusema jambo hili. Mwenyekiti ni mfiwa. Mkewe alipata Huduma ya Kuagana. Ana maslahi binafsi, na kanuni haziruhusu mwenye maslahi kukalia kiti hicho."

Lilikuwa pigo zuri, na upande wa serikali ulipiga meza. Makamu mwenyekiti, mtu wa chama cha Waziri, alikuwa ameshafunga vifungo vya koti.

"Waziri yuko sahihi," Idrisa alisema.

Meza zikanyamaza.

"Nina maslahi na nayatangaza. Nitaondoka kitini. Lakini kikao hiki nimekifungua kwa uwazi, na kanuni hizo hizo zinasema kilichofunguliwa kwa uwazi hakifungwi siku hiyo hiyo. Makamu, karibu." Alishuka, akazunguka meza ndefu, akavuta kiti kando ya Mhandisi Rwegoshora. "Naomba kuapishwa. Ninataka kutoa ushahidi."

Nyakeke ndiye aliyemhoji, na kwa mara ya kwanza tangu aingie Bungeni alisahau kuchoma.

"Shahidi, mkeo alifariki lini?"

"Saa tatu asubuhi, juu ya mawingu, karibu na mtu aliyedhani ana maringo. Mimi nilijua amefariki saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Mama yake anaitwa Mwamvua binti Selemani, na ameniagiza nimtaje. Alimtamkisha shahada binti yake aliyekuwa amekufa tangu asubuhi. Wizara ikaifanya midomo ya maiti imwitikie. Sheria iliyotufikisha hapa niliipigia meza mimi mwenyewe. Tulikataza watu wasife ndegeni, basi serikali ikatutii."

Juu, kwenye viti vya wananchi, mzee mmoja alisimama. "Kwa nini umesema?" alipiga kelele. "Mama yangu aliniaga! Alinishika hivi, hivi! Umeniulia mama mara ya pili, we mbunge!" Askari walimtoa, naye alitoka kinyumenyume akionyesha mkono wake kwa kila mtu. Idrisa alijua kwamba mzee yule hatalala leo, na kwamba yeye ndiye aliyemnyang'anya usingizi.

Kisha Waziri akapewa nafasi. Alisimama, mkono mfukoni, sauti ile ile ya mavuno. Wizara inatoa pole kwa familia. Wizara ni sikivu. Kuanzia mwezi ujao abiria atachagua mwenyewe kwenye tiketi kama anapenda aage au asiage, na kwa watakaolipia daraja la kwanza wataalamu wanaendelea kuishughulikia sauti.

Mbunge wa karanga, mtu wa chama cha Waziri, ndiye aliyesema "Ptuu!" kwa nguvu, na ilisikika hewani nchi nzima. Ilipofika kura, yeye na wenzake wawili walihamia upande wa Nyakeke. Azimio likapita kwa sauti moja ya ziada: mikono na midomo izimwe kabla ya ndege ya kesho, na sheria irudishwe Bungeni. Kamuhanda alikusanya karatasi zake akisema atakata rufaa kwenye Baraza la Mawaziri, na kwa namna alivyosema, hakuna aliyetilia shaka kwamba Baraza lingemsikiliza.

*

Jua lilikuwa bado halijashuka Idrisa alipofika nyumbani. Lango lilikuwa wazi. Uani mikeka ilikuwa imetandikwa kama siku ya matanga, na wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa, wengine wamekaa, wengine bado wanaingia wakiwa na kanga kichwani, hakuna anayemwamkia mwenzake. Redio ilikuwa imezimwa. Bi Mwamvua alikaa katikati, nje, machoni pa kila mtu.

Mwanaiba alikuwa amesimama mbele yake, kanga imekazwa kiunoni, kidole kimemnyookea usoni.

"Wewe! Ulinifungulisha mzigo wangu! Nilikuwa nimeshafunga, nakwenda kwa mume wangu, wewe ukaniambia nikae! Ndiye wewe au siye?"

Wanawake wawili waliinuka kumshika. Bi Mwamvua aliwazuia kwa mkono, akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka.

"Ndiye mimi," alisema. "Kaa, mwanangu. Nitukane umekaa, msiba wetu ni mrefu."

Mwanaiba alishusha kidole, akakaa. Akaanza upya kumtukana, taratibu, huku machozi yakimtoka, na Bi Mwamvua akawa anamwitikia kila neno.